Maboga ya Karavani ya Feza

Karavani, ile nyumba ya magurudumu, ikishinda juani ina harufu yake: mbao nyembamba zilizopata moto, plastiki, mafuta ya taa. Kwetu juu ya yote hayo kulikuwa na ndagala, kwa sababu mapaa ya karavani zetu ndiyo yalikuwa chanja za kuanikia samaki. Wazungu wa kampuni ya barabara walizileta kando ya Ziwa Tanganyika, si mbali na Kalemie, kisha kazi ikasogea kusini, wakaziacha, na familia za vibarua tukaingia. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Kiangazi chote hatukuvaa viatu. Tuliogelea kabla ya chai, milango ilishinda wazi, akina mama walisukana nywele kwenye ngazi za karavani, na mchana mmoja wao angepaza sauti, "Leo bukari iko kwa nani?" Sahani ya ugali huo ilikuwa ya aliyeishika.

Mwanzoni mwa kiangazi kile Mama Feza alitutangazia, akicheka, kwamba mumewe, dereva wa greda kwenye kambi mpya ya kusini, amepata ruhusa: trekta litakuja kuivuta karavani yao, wakaishi pamoja. Sisi watoto hatukucheka. Feza alikuwa rafiki yangu wa kulala mkeka mmoja. Bahati, mvulana wa karavani ya pili, mdomo wake mkubwa kuliko wa watu wazima, ndiye aliyeleta akili. Kwetu mmea uliochanua mbele ya mlango wa mtu haukanyagwi wala haung'olewi mpaka mwenyewe avune. Hata chifu akitaka kupitisha njia, anasubiri. Basi tukapanda mbegu za maboga kuzunguka magurudumu ya karavani ya Feza, tukazinywesha maji ya ziwa kila asubuhi kwa makopo ya maziwa.

Trekta lilipokuja, majani yalikwisha kumeza magurudumu, na maua ya njano yamepanda mpaka juu ya chuma cha kufungia trekta. Dereva, Papa Kalonda, mtu wa kilima cha nyuma yetu, alizima injini, akaizunguka karavani mikono mgongoni.

"Nani amepanda hapa?"

"Yamejiotea, papa," Bahati akasema.

"Yamejiotea kwa mstari?"

Watu wazima walicheka mpaka wakashika matumbo. Papa Kalonda hakucheka. "Mama Feza, mimi siwezi kupita juu ya maua. Mama yangu angefufuka anichape. Ukivuna, nitumie salamu." Akageuza trekta lake.

Tulijitupa ziwani na nguo zetu kwa furaha. Maboga yakanenepa, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Mama yake Bahati akiomba moja la kupika, tulimwambia bado halijakomaa. Mama Feza hakutugombeza. Jioni alikaa mlangoni akitazama barabara ya kusini, na mapajani shati la mumewe, alilolifua tena ingawa halikuwa chafu. Mimi sikuona neno hapo. Feza aliona.

Asubuhi moja nilimkuta kati ya majani na kisu cha samaki, amekata boga kubwa kuliko yote. Nikamrukia.

"Weye Feza, una wazimu? Sasa watawachukua!"

"Najua."

"Kwa hiyo hutupendi?"

Alifuta udongo kwenye boga kwa gauni lake. "Nawapenda. Lakini mama anaongea na shati la baba, Zawadi. Jana sijui lilimjibu nini, akalia."

Nilitaka kumpiga. Lakini boga lilikuwa zito, limeanza kumponyoka, nikashika upande wa pili, tukalipeleka kwa mama yake. Mama Feza alilitazama, akatutazama, akakaa chini pale pale mchangani, akatukumbatia sote wawili. Siku hiyo kambi nzima ilikula boga, hata Bahati, aliyekuwa ameapa hatalionja. Papa Kalonda alipopata salamu akaja kuivuta karavani, Feza alitoa kichwa dirishani akapunga mkono mpaka kwenye kona. Sikumwona tena.

Leo mimi ni mwanamke mzee wa mtaa wa Yeoville, Afrika Kusini. Shule niliiacha kabla haijanijua jina, lakini cherehani zote mnazozikuta dukani kwangu nimezinunua kwa mikono hii, na hakuna aliyenishika mkono. Hapa Johannesburg hatuna kambi. Gorofa letu lina mlango wa chuma mbele ya kila mlango wa mbao. Jirani anahama asubuhi, jioni unakuta sura nyingine, wala hakuna anayeuliza kaenda wapi. Wasichana wanakuja kwangu kujifunza kushona, na mikono ikishazoea wanaondoka, huyu Durban, yule anarudi Bukavu. Fundi wa duka la pembeni hunifokea, "Eish, Mama Zawadi, wabane! Waambie bado hawajui kukata suti." Wengine wanasema sina moyo kwa sababu simbembelezi mtu abaki. Waseme. Moyo ninao, na unauma kila mara. Ila msichana akisimama mbele yangu na begi lake, namuuliza kitu kimoja tu: huko uendako, kuna anayekusubiri? Akisema yupo, nainuka mwenyewe na magoti yangu haya mabovu, namfungulia mlango.