Nani Ashuke Kwenye Ndege

Wiki hii, kwenye uwanja wa ndege wa Musoma, niliona familia kutoka Butiama ikimpakia mama yao mgonjwa kwenye ndege ndogo ya kukodi. Mvua ilikuwa imekatika, mvuke ukapanda kutoka ziwani, na mawingu yalikuwa yametanda chini.

"Mtu mmoja ashuke," alisema rubani. "Hewa yenye unyevu ni nyepesi. Injini inapungua nguvu, na pangaboi linakosa hewa ya kutosha kusukuma."

"Nyepesi vipi, na hapa tunashindwa kupumua?" alibisha kijana wa yule mama.

Mabegi yakatolewa, lakini uzito ulikuwa bado mkubwa. Mjomba wao, aliyekuja kuwasindikiza tu, akamgeukia binti aliyekuwa ameketi ndani akimuuguza mama. "Mtoto wa kiume ndiye wa kusimama na mama. Shuka."

Akashuka, kisha akarudi mlangoni.

"Kaka, mama anageuzwaga kwa kushoto. Ukianzia kulia ataumia."

Kaka akaitazama mikono yake. "Mimi sijawahi kumgeuza."

Mlango ukafungwa. Dada alibaki ameshika khanga ya mama.

Nilisoma fizikia chuoni, na rubani alisema kweli. Ila unyevu ulidai uzito upungue tu, haukuuliza nani ni wa kiume, na kaka alikuwa mnene kuliko dada.