Herufi Moja Hadi Geita

Jumatatu Mama Kabula alinipigia simu kwa sauti ya kilio. Ndiye aliyekuwa akiitunza kompyuta kubwa ya kampuni yetu ya utafiti wa madini kule Geita, mashine ya mtumba yenye ukubwa wa kabati mbili za nguo. Ulipoiuliza ni mashimo yapi yametoa mawe yenye dhahabu, ilitafuta asubuhi nzima. Mimi, nikiwa ofisi ya Shinyanga, nilimwandikia dawa: programu ndogo ya kukaa ndani ya hifadhidata, iwe inachunguza kila swali na kulichagulia njia fupi. Nilimpelekea kwa tepu, nikamtajia kwa simu jina la kuisajilia. Sasa kila akiiita, mashine inajibu: programu haipo.

"Ijumaa mkuu wa kampuni anakuja kuiuliza mwenyewe," alisema. "Ikichelewa tena inauzwa chuma chakavu, na mimi narudi kijijini kulima pamba."

"Mashine yako mbovu, mama!"

"Tepu yako ndiyo mbovu!"

Basi nikafunga safari.

Alhamisi alfajiri, Shinyanga. Niliingia kwenye landrova ya Juma, dereva wetu mzaliwa wa Tanga, tepu mbili za akiba nimezipakata kama trei ya mayai. Nilikuwa nachekacheka ovyo. Mashine ile nilikuwa sijawahi kuiona hata siku moja. Nilikuwa naiandikia tu, kama mchumba wa barua.

Didia tulisimama kununua viazi vitamu. Bibi muuzaji akauliza tunakokwenda.

"Geita, bibi. Kuwasha programu."

"Kumbe huko nako umeme umekatika!"

Juma alicheka mpaka akapaliwa na kiazi.

Kupita Kahama, barabara ilibaki jina tu. Tulirushwa, tukala vumbi, nami nikaimba njia nzima. Wachimbaji wadogo waliobeba makarai walitupungia mkono, nami nikawapungia tepu.

Saa tisa alasiri, Geita. Mama Kabula alitupokea mlangoni, kitenge kimemkaa vizuri, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Masanja. Haya, iwashe hiyo tepu yako nzima."

Nikaiweka tepu mpya. Haipo. Ya pili. Haipo! Nikamgeukia mama.

"Ulisajili jina nililokutajia?" nikauliza.

"Hilohilo. Lekebisha."

"Sawasawa. Lekebisha."

Tukatazamana, Wasukuma wawili, tusione kosa liko wapi. Nyuma yetu Juma akaangua kicheko, kashika mbavu.

"Jamani! Kwenye tepu pameandikwa REKEBISHA. Kwenye kioo hapo mna LEKEBISHA. Mashine inatafuta mtu asiyezaliwa!"

Lo! Mwandiko wa kwenye tepu ni wangu, na ulimi uliomtajia ni wangu vilevile. Mama Kabula alinitazama, nikainama.

"Samahani, mama. Mbovu nilikuwa mimi."

Akafuta usajili ule, akaandika upya kwa R, akaiwasha. Tukauliza swali la mashimo. Akanimiminia chai, na kabla sijaipuliza majibu yakajaa kioo kizima! Mama Kabula akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio, mimi nikamkumbatia Juma, chai ikamwagika.

Ijumaa, mkuu alikuja na gazeti la kusoma akisubiri majibu. Hakupata nafasi ya kulifungua. Akaliacha mezani, akatoka akisema mashine isiguswe, na mama asiguswe.

Jumamosi tulirudi Shinyanga, njia ileile, vumbi lilelile, nami nikaimba tena. Nilijifunza jambo moja: jina la programu halisemwi, linatajwa herufi kwa herufi. Wiki iliyofuata nilipiga simu Geita kumpa jina jingine, nikamshukuru Mungu kwamba aliyepokea bado ni yeye.

"Andika R, mama. R ya redio."

"Nimekupata, mwanangu," akasema. "R ya ledio."