Ukurasa Niliomwandikia Mwenye Timu

Ningekataa kuweka saini. Kama siku ile ingerudi, ningeisukuma karatasi irudi upande wa pili wa meza, niwaambie wanakamati wenzangu kwamba kosa ni langu, kisha nitoke nje. Badala yake nilichukua kalamu, nikaandika jina langu na cheo changu, Katibu Mkuu, nikagonga muhuri wa klabu. Muhuri niliugonga mara mbili, maana wa kwanza ulififia.

Karatasi ile ilisema kwamba timu yetu ya mpira haikufika kwenye mechi ya ugenini kwa kuwa mwenye timu alilichukua basi letu wakati wa Krismasi, akalipeleka kubeba abiria wa Dar es Salaam. Kwa mtu wa Moshi maelezo hayo hayahitaji ushahidi. Desemba Wachaga wanarudi mlimani kula sikukuu, na kila mwenye gari linalotembea huliingiza barabarani. Nani angebisha akiambiwa kwamba tajiri mwenye malori ya kwenda mpakani Holili ameona heri abiria kuliko mpira?

Ukweli ulikuwa mfukoni mwa koti langu. Barua ya chama cha mpira, ya kusogeza mechi ije kabla ya mwaka mpya, niliichukua posta siku mbili kabla ya Krismasi. Niliisoma nimesimama, mkono wa pili umebeba mchele na vitenge vya akina mama wa nyumbani, nikajiambia nitamtafuta kocha nikifika Marangu. Nilipofika Marangu kulikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, kulikuwa na supu ya kisusio, kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa dada yangu na ndugu ambao sikuwa nimewaona mwaka mzima. Koti likaning'inia nyuma ya mlango mpaka baada ya mwaka mpya.

Basi nalo lilikuwa mtaani Pasua, nyumbani kwa dereva, limeoshwa na kujazwa mafuta. Mwenye timu aliliacha pale makusudi kabla hajasafiri kwenda Mombasa. Waliotaka kulikodi kwa sikukuu aliwajibu kwamba lile ni la vijana wa mpira. Siku ya mechi wenzetu walisimama uwanjani peke yao, mwamuzi akapuliza filimbi, wakapewa ushindi wa mezani. Sisi tukakatwa pointi juu yake, tukashuka daraja.

"Ukisema ni katibu aliyesahau, watakuchomea nyumba," mwenyekiti wa kamati aliniambia. Nilikuwa nimepanga Pasua, katikati ya mashabiki. "Yeye ana malori. Watamtukana wiki mbili, watachoka."

"Na yeye akiuliza?"

"Ataelewa. Mtu mzima yule."

Nikasaini. Jioni ileile nikaitia ile barua kwenye moto wa jikoni. Gazeti moja likachapa maneno yangu kama yalivyo, bila kupunguza hata nukta.

Mwenye timu aliporudi, sokoni walimpokea kwa wimbo. "Konda! Konda! Tunashuka hapa!" huku wakinyoosha mikono kama abiria kituoni. Alivumilia msimu mmoja, akaachia ngazi. Timu ikafa mwaka uliofuata. Nyumbani kwangu hakuja, wala hakutuma mtu kuniuliza.

Miaka miwili nilikuwa nikimwona mbele nabadilisha njia. Mwishowe nilimweleza mjomba wangu, naye akanipeleka kihambani kwa mwenye timu, kwenye shamba la ukoo wake, na jani la isale. Isale ni lile jani refu tunalolipanda kwenye mipaka ya vihamba. Kwetu aliyekosa akija na jani hilo mkononi, aliyekosewa hamfukuzi, na jambo likishapatanishwa halifufuliwi. Tulimkuta kwenye kahawa yake, anapogolea. Aliona jani kabla sijafungua mdomo.

"Umekuja kunipimia mpaka, Katibu?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza huku akifuta panga kwa kiganja.

"Barua ilikuwa wapi?"

"Kwenye koti."

"Na koti?"

"Nyuma ya mlango, Marangu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka miwili naitwa konda kwa ajili ya koti! Lingekuwa angalau zuri!" Kisha akapokea jani, uso umebadilika, akasema taratibu: "Limekwisha. Nikiwa hai usinitajie tena, nami sitalitaja." Tukanywa mbege katika kata moja, sisi watatu.

Namshukuru Mungu kwa siku ile, na sijaacha. Tangu hapo yule mtu alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu wengi niliozaliwa nao. Mke wangu alipolazwa, alikuja hospitalini kila siku na chupa ya mtori wa ndizi, akiketi pale kama mlinzi mpaka mgonjwa anywe. Nilipohamia mlimani moja kwa moja, tulikuwa tunakwenda pamoja misa ya kwanza, tunarudi tukibishana juu ya mechi za jana yake.

Lakini katika msamaha ule nilifanya kosa la pili, na hili hakuna mwanakamati aliyenishauri. Aliponiambia tusilitaje, alikuwa anaweka amani kati yangu na yeye. Mimi nikajifanya amenipa ruhusa ya kuunyamazia ulimwengu mzima. Ningeweza kushuka mjini wiki ileile, nikaenda gazetini nikasema yale maneno ni ya uongo. Sikwenda. Nilijiambia naheshimu isale. Kwa kweli ilikuwa raha.

Pasaka ya mwaka juzi nilikuwa kwake. Watoto na wajukuu walikuwa wamepanda kutoka kila upande. Mjukuu wake mmoja wa kike, aliyekuwa chuo Dar es Salaam, alitaka kuandika habari fupi ya timu ya babu yake.

"Babu, ngoja niulize habari zako kwa akili mnemba," alisema, simu tayari mkononi. "Siku hizi inajibu kila kitu."

"Iulize kama inajua nitapona lini kifua."

Akaandika jina lake na jina la klabu, akasoma kwa sauti, sote tukiwa na nyama mkononi. Simu ilisema kwamba mfanyabiashara huyo anakumbukwa zaidi kwa kutanguliza faida mbele ya wachezaji wake, na kwamba uamuzi wake wa kuliondoa basi la timu likabebe abiria wakati wa sikukuu unatajwa kuwa chanzo cha timu kushuka daraja. Ilisema vizuri, kwa adabu, kama karani wa benki.

"Unatajwa na nani?" mwenye timu aliuliza.

"Haisemi, babu. Inasema tu unatajwa."

"Kumbe babu ulikuwa konda!" mkwewe mmoja alirusha, na nyumba nzima ikacheka. Naye akacheka nao. Sentensi moja tu ingemsafisha mbele ya wajukuu zake, na mwenye kustahili aibu alikuwa ameketi kwenye kiti cha pili kutoka kwake. Hakuitamka. Hata kunitupia jicho hakunitupia. Aliwahi kupokea jani, basi. Mimi nilirudisha nyama kwenye sahani.

Binti hakupendezwa na jibu lile. Akajaribu programu nyingine, nayo ikammwagia babu yake sifa: kwamba alijenga uwanja wa kisasa na kituo cha kulea vipaji.

"Huo uwanja uko wapi?" bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Labda chini ya migomba," alijibu mumewe.

Ya tatu ilimchanganya na mtu wa Arusha ambaye hata mpira haukumhusu. Hapo ndipo binti alipotueleza, na mimi nikasikiliza kuliko wote. Alisema mashine ile haijui watu. Inakusanya yaliyoandikwa, inayasuka yakawa hadithi inayosomeka, na penye tundu inaziba kwa yale yanayosemwa kwa kawaida juu ya watu wa aina hiyo. Matajiri wa klabu kubwa wana wasemaji wao, wana picha wakikabidhi makombe. Wakilaumiwa na waandishi kumi, wengine kumi wanawatetea, na mashine inapata cha kupima.

"Huyu wetu," alisema, "yuko kwenye habari moja tu ya gazeti la zamani, waliyoiweka mtandaoni. Sasa itafanyaje?"

Nilijua habari hiyo ni ipi. Ilikuwa yangu. Viatu alivyowanunulia vijana havikuandikwa na mtu. Wala uji wa baada ya mazoezi, wala basi lililosimama Pasua likisubiri wachezaji. Mambo hayo tulikuwa tunayasema sisi kwa sisi, kwenye kata ya mbege, tukidhani kusema kunatosha.

Wiki mbili baadaye watoto wake waliambiwa na daktari kwamba si kifua, ni moyo, nao umechoka. Nikapanda kwake asubuhi. Alikuwa amekaa juani, blanketi magotini.

"Tajiri, nataka kulitaja lile."

"Lipi? Mimi nina mambo mengi."

"Unalijua."

"Silijui. Lilikwisha."

"Kwako lilikwisha. Kwenye simu ya mjukuu wako ndiyo kwanza linaanza."

Alimtazama ng'ombe akila. Kisha akasema, "Isale inatufunga wewe na mimi. Hiyo mashine hatukunywa nayo." Akanigeukia. "Ila niambie. Unataka kuandika ili nisafike mimi, au ili upumue wewe?"

"Vyote viwili."

"Haya! Katibu amesema kweli. Ngoja nikae vizuri nisianguke." Akajivuta kwenye kiti kweli. "Andika. Nisikie kabla sijaondoka. Ila usinitie sifa. Usije ukasema nilijenga uwanja."

Niliandika kwa mkono, kurasa nne, kwa kile Kiswahili nilichofundishwa sekondari. Binti alikuja kuzipiga kwenye kompyuta yake, mimi nikimsomea. Nilipofika kwenye koti aliacha kupiga.

"Ni wewe, babu?"

"Ni mimi."

Alinyanyuka, akatoka. Nilimsikia anakata majani ya ng'ombe, kazi ambayo hakutumwa. Nilibaki na karatasi zangu nikifikiri hatarudi, na kwamba nitastahili. Akarudi, akanawa mikono, akaketi.

"Endelea," alisema.

Nimeshukuriwa na watu na nimewashukuru watu wengi, lakini neno hilo moja la binti yule nitakwenda nalo kaburini.

Mhariri wa sasa wa gazeti lile, kijana ambaye wakati ule alikuwa mtoto mchanga, alikubali kuweka maelezo yangu chini ya habari ya zamani. Alitupokea vizuri, ila aliuliza kama kuna mtu mwingine wa kuthibitisha, asiye mimi wala mwenye timu mwenyewe. Dereva alikuwa amefariki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefariki, na wanakamati wengine na mjomba wangu vilevile. Kocha alihamia kwao, hatukumpata. Barua yenyewe niliichoma moto mimi mwenyewe. Nikamwambia hakuna.

Tulisubiri. Kila binti alipopanda, aliiuliza tena mashine, ikijibu yaleyale ya konda. Hali ya mzee ilikuwa inashuka, na mimi nilikuwa nikihesabu Jumapili. Ilikuwa baada ya mvua za masika binti alipoingia chumbani akitabasamu nusu. Akasoma. Sasa ilisema kwamba taarifa kuhusu mmiliki huyo zinapingana. Gazeti la wakati huo lilimlaumu kwa kuliondoa basi. Miaka mingi baadaye aliyekuwa katibu wa klabu, ambaye ndiye aliyesaini lawama hizo, alidai kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe. Hakuna chanzo kingine kinachothibitisha dai hilo.

"Kwa hiyo sasa mimi ni nani?" mwenye timu aliuliza kutoka kitandani.

"Wewe ni mtu mwenye utata, babu."

"Utata ni cheo kizuri. Jana nilikuwa konda." Akaomba mtori, akanywa zaidi ya siku zote za juma lile. Wajukuu walikuwa mlangoni. Akawaambia, akininyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyesahau koti. Mwacheni, nilishamsamehe kabla hamjazaliwa." Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Umejitahidi, Katibu."

Alifariki Julai, kwenye baridi. Nashukuru kwamba wajukuu wake waliisikia kweli naye akiwa hai, na kwamba waliisikia kwa kinywa chake. Nashukuru kwamba wanaendelea kuniamkia, shikamoo babu, na kunipa kiti, wakati wangeweza kunipita njiani. Sikustahili, na nimepewa.

Mashine bado inajibu vilevile, nami siilaumu. Mbele yake yuko mzee mmoja aliyesema hivi alipokuwa na cheo na muhuri, halafu akasema vile alipokuwa hana kitu. Mimi mwenyewe ningekuwa mwamuzi ningeandika kwamba haijulikani. Uongo wangu uliaminiwa siku ileile. Ukweli wangu unaitwa dai.

Saini ile ilinigharimu hivi: rafiki yangu alipohitaji shahidi, nilikuwa nimebaki mimi peke yangu, na neno langu halikutosha.