Sehemu ya Pili Imo Drooni

Juzi, kwenye maktaba moja ya Temeke, binti wa sekondari aliulizia sehemu ya pili ya riwaya ya msichana anayezima taa za mji mzima kwa kiganja na kuwaongoza vijana dhidi ya watawala. Sehemu ya kwanza ilimwacha mbele ya bunduki.

"Kitabu kiko kwenye shughuli za kiofisi," alisema karani, akisukuma kwa goti droo ambamo kitabu chenyewe kililala kifudifudi.

"Baba, mwezi mzima waniambia hivyo."

"Taratibu, mwanangu."

"Basi niambie tu, alikufa?"

Karani alitazama mlango wa mkuu wake, akainama.

"Mpaka nilipofika mie, yu hai. Ila wamempiga risasi ya bega."

Binti akashusha pumzi, akaenda zake. Kwenye kaunta za serikali, sijapata kusikia taarifa kamili kuliko ile.