Baba na Ukaguzi wa Miguu

Harufu ya majani ya tumbaku yaliyopondwa hunifanya nikunje vidole vya miguu mpaka leo. Chekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani, na funza walikuwa wageni Karagwe. Watu walisema wamekuja na misafara. Baba yangu, muuza nguo na chumvi ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alijiona bingwa wa safari. Tulipotoka Nyakasimbi, yeye, mama na mimi, kwenda Nyakakika kwenye harusi ya mjomba, alitupa masharti njia nzima: tusinywe maji ila yaliyochemshwa na tangawizi, tusikalie majani yenye umande, tusishibe kabla ya kupanda kilima. Na jioni, ukaguzi wa miguu. Aliketi juu ya mzigo wa nguo, sindano mkononi, akageuzageuza nyayo zetu kama anayechagua viazi.

Yeye hakukaguliwa. Alivaa makubadhi ya ngozi na hakuyavua mbele yetu.

"Miguu hii ni ya pwani," alisema. "Funza wa huku hawaijui."

Mimi sindano niliiogopa kuliko chui. Kidole kimoja kilikuwa kinaniwasha, nikakipaka tope, na baba hakuona kitu. Kesho yake kikavimba. Chini ya kilima cha mwisho nikaketi, nikalia.

"Umeficha!" baba akafoka. "Mtoto wa msafiri anaficha funza!" Kisha akachuchumaa. "Haya, panda."

Akanibeba mgongoni, akihema na kunihubiria ubaya wa kuficha ugonjwa. Mimi nikamlalamikia kwamba anayumba.

Mama alitufuata nyuma, akiitazama miguu ya baba. Tulipofika kwenye kijito karibu na migomba ya kwao, akasema, "Baba Mwanahawa, vua viatu."

"Ni mawe tu yameniumiza."

"Uingie kwa mama yangu unachechemea, waseme nimeolewa na kilema? Vua."

Akavua. Mama akashika mdomo. Mimi nilijaribu kuwahesabu funza, nikachoka kwenye kidole cha tatu.

Sindano ilipogusa tu, bingwa wa safari akapiga ukelele uliotimua ndege wote migombani. Bibi, mama yake mama, akaja mbio. Lakini kwa heshima ya kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, kwa hiyo akasimama nyuma ya ua wa matete.

"Nani anamchinja mkwe wangu?"

"Hakuna, mama," baba akajibu, machozi yakimtiririka. "Shikamoo!"

"Marahaba. Ni funza?"

Mama akajibu kwa Kinyambo, lugha ya kwao, na bibi akacheka mpaka ua ukatikisika. Mkono wake ukapenya katikati ya matete na fungu la tumbaku mbichi. Mama akamaliza kumtoa baba funza, akaiponda tumbaku, akaziba matundu ya miguu yake, kisha langu baada ya kunitoa funza wangu. Iliwasha kama pilipili. Tulilia pamoja mimi na baba, tumeshikana mikono, na harusi nzima tuliitazama tukiwa tumeketi mkeka mmoja.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kumcheka baba kwa majivuno yake. Siku moja, nimembeba mwanangu kilimani na mgongo unaniuma, ndipo nikaelewa. Baba aliogopa sindano kama mimi, basi. Lakini alipanda kilima kile chote na miguu iliyojaa funza, mimi nikiwa mgongoni, na hakunitua hata mara moja.