Vidonge vya Vusumuzi

Mzee mwenye bastola alikuwa ametupa mgongo.

Ndiyo kawaida ya mbio zetu za Durban, kilomita karibu tisini. Masaa kumi na mawili yakitimia tangu tuanze, mzee anafyatua risasi hewani huku ametupa kisogo, asije akamwona mtu akamhurumia. Ukivuka kabla ya mlio, una medali. Ukivuka baada, hujakimbia.

Mimi nilibakiza hatua nne.

Ngoja niwarudishe nyuma muone nilivyojichongea.

Naitwa Mfanafuthi, wa Umlazi. Mimi na Vusumuzi tumekimbia klabu moja miaka tisa, kila mtu na medali zake tisa. Ya kumi ndiyo yenyewe. Unapewa namba ya kijani, inakuwa yako mpaka kufa. Klabuni kwetu hakuna aliyewahi kuipata.

Tatizo, jamaa hunitangulia kila mwaka.

"Kaka, mwaka huu ukifika utakuta nimeshaoga, nimekuwekea na kiti," aliniambia mbele za watu.

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini roho iliniuma vibaya sana.

Mpwa wangu Nokwanda anauza kwenye duka la dawa. Siku moja akanionya.

"Mjomba, usibugie vitamini C na E kwa wingi wakati wa mazoezi. Mazoezi yanauchokoza mwili, na ukichokozwa ndipo unajijenga. Dozi kubwa zinaweza kuuzima ule uchokozi. Utateseka, na mwili usijifunze kitu."

Mwingine angeshukuru akaenda zake. Mimi nilinunua makopo manne.

"Shika, ndugu yangu," nikamwambia Vusumuzi. "Vinaondoa uchovu. Meza kila ukitoka mazoezini."

Akanikumbatia. Mkewe, MaNgcobo, akaniombea dua kabisa.

Tangu Januari, kila tukimaliza kukimbia napitia kwao. MaNgcobo ananiwekea jagi la amahewu, uji wa mahindi mchachu unaonywewa baridi. Naumaliza wote. Nikitupia jicho kabatini naona makopo yanapungua, nachekea moyoni.

Nikaanza hata kutembea milimani badala ya kukimbia. Ya nini nijiue, wakati mwenzangu anakwisha mwenyewe?

Siku ya mbio Vusumuzi aliniacha kilomita ya thelathini. Nikasema ataanguka mbele huko, nitamruka.

Hakuanguka.

Mimi ndiye miguu iligoma kilomita ya sabini, kama mtu ambaye hajawahi kufanya zoezi. Nikajikokota. Naingia uwanjani, namsikia Vusumuzi anapiga kelele, medali shingoni.

"Vuta, kaka! Vuta, zimebaki sekunde!"

Paa!

Wasimamizi wakashikana mikono wakafunga njia. Nilimgonga mmoja kifuani, nikaanguka, nikalia hadharani, mtu mzima na ndevu zangu.

MaNgcobo akaja na jagi.

"Pole, shemeji. Kunywa. Ila leo uji hauna vitamini, ziliisha jana."

"Vitamini gani?"

"Si zile zako! Vusi vidonge vinamkaba, na zawadi ya rafiki haitupwi. Nikawa nakusagia wewe kwenye amahewu, ule uchachu unaficha. Dozi yako na yake, kila siku. Nikasema shemeji atashangaa akipata medali!"

Alikuwa anatabasamu. Mama wa watu hakuwa na ubaya hata chembe.

Nilimpigia Nokwanda, nikamweleza yote.

"Mjomba, siwezi kuapa ni vidonge. Wapo waliomeza hivyo wakapimwa, misuli ikaonyesha tofauti, lakini mbio zao hazikuharibika. Labda ni ile milima uliyokuwa unaitembea."

Basi hata wa kumlaumu sina.

Vusumuzi ana namba yake ya kijani. Juzi alikuja kwangu, akanishika bega.

"Mwakani nakimbia na wewe taratibu, kaka. Nitakuvusha mimi mwenyewe."

Nimekubali. Ananihurumia, na ninamchukia kuliko zamani.

Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakukosea. Mimi naongeza langu: kama una roho mbaya kama yangu, basi angalau usinywe nyumbani kwa mtu unayemroga.