Keshachomwa

Tangu ahamie Tottenham, London, Sheikha hakuogopa baridi wala walevi wa ngazini. Hofu yake ilikuwa moja tu: watu wa soshali, maofisa wa ustawi wa watoto. Wanawake wa Kipemba wakikutana kunywa chai, habari haikosekani: fulani kachukuliwa mwanawe kwa sababu kaonekana na alama mwilini. Hakuna aliyemjua huyo fulani, na kila mtu aliapa kwamba yupo. Serikali iliyompa maziwa ya bure na kumpimia mtoto uzito bila ya kumdai kitu, Sheikha aliitazama kama anavyotazamwa jirani mwema mwenye mbwa mkali.

Mbarouk, mwanawe mchanga, alizaliwa Wete, huko Pemba, Sheikha alipokwenda kumuuguza mamake. Hawajamaliza wiki tangu kurudi London, akaja nesi anayezungukia majumbani kukagua watoto wachanga. Alikuwa msichana mdogo, mgeni wa kazi, mwenye tabasamu la haraka. Alimvua mtoto fulana ampime, akaona bega la kulia lina alama ya mviringo, nyekundu, yenye ukoko. Akauliza ni nini. Sheikha alifurahi kuulizwa, maana hapo alikuwa na jibu la mama anayejua wajibu wake.

"Mwambie keshachomwa," alimwambia binti yake, Suad. "Kachomwa Wete, siku ya pili tu."

Suad alikuwa na miaka minane, na alifika London akiwa hajajua hata kuunganisha maneno. Kiswahili alikisikia, akakijibu kwa Kiingereza. Neno kuchoma alilijua: ni la samaki, ni la mahindi, ni la mkaa. Kwamba mtu akidungwa sindano ya chanjo kwao husemwa pia kachomwa, hakuna aliyewahi kumwambia. Alimtazama mama yake, akamtazama mdogo wake.

"He got burnt," alimwambia nesi kwa sauti ndogo. Kaunguzwa, na moto.

Nesi hakumuuliza mtoto swali jingine. Tabasamu lilikwisha. Alimgeuza Mbarouk huku na huku, akamkagua mgongo, akamkagua nyayo, kisha akasema Alhamisi atarudi na mwenzake wa soshali.

"She's coming back," alisema Suad. "With social services."

Maneno hayo ya mwisho Sheikha hakuhitaji kufasiriwa. Aliganda na nepi mkononi.

"Kwani umemwambia nini, wewe?"

"What you said," alijibu Suad, yaani ulichosema wewe, akaondoka.

Basi Sheikha akaanza kujisaka. Labda ni wanja: akamfuta mtoto nyusi mpaka ngozi ikawiva. Labda ni hirizi: akaificha ndani ya kopo la unga. Labda flati inanuka samaki. Kila lifti iliposimama nje, alikwenda kuchungulia tundu la mlango. Alipika na kuunguza, akaosha sufuria moja mara mbili, na usiku alikaa macho akimsikiliza mtoto kupumua. Mwisho akafunga mkoba ampeleke Mbarouk kwa wifi yake, Thornton Heath, upande wa pili wa London. Mumewe, Shaame, dereva wa basi, alimnyang'anya mkoba.

"Ukikimbia ndiyo utakuwa umekiri."

"Nikiri nini, Shaame? Mie hata kosa langu silijui."

Shaame naye hakulijua. Alikaa kitandani na mkoba mapajani, na Sheikha akamwona anafunga na kufungua zipu bila ya kutoa kitu.

Faraja ya Sheikha ilikuwa Suad. Msichana aliyekuwa akinung'unikia kilio cha mdogo wake, sasa hakubanduka kwake. Sheikha akiwasha jiko, Suad humbeba mtoto na kumpeleka chumbani. Usiku alilala amemshika mtoto mguu. Angalau wamependana, Sheikha alijiambia.

Alhamisi nesi alikuja na Bi Pushpa wa soshali, mwanamke wa Kihindi wa makamo aliyezaliwa Kisumu. Alikaa karibu na Sheikha na kusema kwa Kiswahili:

"Mama, mtoto wako mchanga alichomwa na nini?"

"Sindano, bibi. Ya kifua kikuu. Si wote huchomwa?"

Bi Pushpa alifumba macho kidogo. "Na moto je?"

"Moto?" Sheikha alimkodolea kana kwamba katukanwa. "Moto wa nini?"

Bi Pushpa alimgeukia nesi, akamweleza taratibu. Masikio ya nesi yule yalikuwa mekundu. Kisha Bi Pushpa akageuka tena.

"Hapa huchoma bega la kushoto, ndiyo sababu hakuitambua. Kwetu Kenya ni mkononi. Na ninyi kumbe bega la kulia. Pole sana, mama. Hakuna mtu atachukua mtoto wako."

Sheikha alilia, akacheka, akawalazimisha kunywa chai, akalia tena. Alipofunga mlango nyuma yao alikwenda moja kwa moja kumtafuta Mbarouk.

Suad alikuwa chumbani, mgongo ukutani, kambeba Mbarouk kifuani. Alikuwa amesikia yote. Safari hii alisema Kiswahili, neno moja moja.

"Kwa hiyo, Mama, hukumchoma?"

Sheikha alinyoosha mikono ampokee mtoto. Suad aliitazama kwanza mikono ile, ndipo akampa.